Wadogo zangu wa utafiti wa kupe, andikeni saa

Juzi nimekaa na fomu za fildi za vijana wetu wapya, nikaona msituni wote wamesampo kupe asubuhi na malishoni wote mchana. Nimeshindwa kulala vizuri. Naandika haya kabla hamjarudi porini.

1. Saa, joto na unyevu wa hewa, kwa kila transekti, yaani kila mstari mnaoburuta kitambaa kukusanya kupe. Hapa ndipo nilipoumia mimi. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa nalinganisha msitu, ukingo wa msitu na malisho ya wazi. Njia ilianzia msituni, basi kila siku tunaanza huko, tunaburuta kitambaa cheupe cha mita moja kwa moja, kila mita 10 tunakigeuza tunahesabu, hadi tunafika malishoni jua limeshapanda na nyasi zimekauka kau. Msimu mzima hivyo hivyo. Grafu ikatoka inapendeza, msitu umejaa nimfu (kupe wachanga wa hatua ya pili, kabla ya utu uzima), malisho karibu sifuri, nikaipeleka kwa msimamizi wangu mbio mbio. Akaitazama kimya, akauliza kitu kimoja tu: "Malishoni mlikuwa mnafika saa ngapi?" Mate yakanikauka. Ixodes ricinus, kupe tuliyekuwa tunamhesabu, hana uvumilivu na ukavu, anataka unyevu wa kama asilimia 80 na zaidi kule chini, hewa ikikauka anashuka kwenye majani yaliyooza kurudisha maji mwilini na kitambaa chako kinapita juu yake hakimgusi. Kwa hiyo ile tofauti niliyochora, kiasi gani ni habitati (mazingira anamoishi) na kiasi gani ni saa? Hakuna aliyeweza kusema. Kwamba msitu kwa kawaida una kupe wengi kuliko malisho makavu tulishalijua, swali langu lilikuwa wengi kwa kiasi gani, na data haikujibu. Tukarudia msimu mzima kwa zamu za kuzunguka. Kinachoniuma hadi leo ni wale wenzangu wawili walioburuta kitambaa na mimi, kila jioni wanajikagua nyuma ya magoti na kwapani, jasho lao likaishia kwenye faili ambalo halifunguliwi.

2. Kitambaa kikilowa umande, simama, subiri kikauke.

3. Kupe wengi siyo lazima virusi vingi. Kuna mdogo wangu kaandika "hatari kubwa" kwenye ploti kisa kitambaa kimerudi cheusi kwa lava (kupe wachanga kabisa, waliotoka tu kwenye mayai). Lava! Wengi wao hawajanyonya mnyama hata mmoja, na kupe mama kuwarithisha mayai virusi vya TBE (ugonjwa wa uvimbe wa ubongo unaoenezwa na kupe) ni nadra. Hesabu nimfu, zidisha kwa kiwango cha maambukizi, hapo ndipo tuongee hatari. TBE inajiendesha pale lava na nimfu wanaponyonya pamoja kwenye panya mmoja, virusi vinapita kati yao hata kama damu ya panya haina virusi vya kutosha, kwa hiyo nitafutie kichaka chenye panya na hatua zote mbili kwa msimu mmoja. Kulungu analisha kupe wazima kwa mamia lakini virusi hivyo hawapitishii, ndiyo maana msitu unaweza kujaa kupe na maambukizi yakawa machache, na vitovu vya TBE mara nyingi ni vieneo vidogo vidogo tu.

4. Hyalomma, kundi jingine la kupe, ni habari nyingine. Anapenda nchi kavu na wazi, amejificha chini, akihisi mnyama anatoka mbio kumfuata. Ukimtafuta kwa kitambaa utaandika sifuri mahali penye homa ya Crimea-Congo, ile ya kutoka damu inayoenezwa na kupe hawa. Kagua mifugo, au weka mtego wa barafu kavu (kaboni dioksidi iliyogandishwa, gesi yake inawavuta kupe). Na mfugo wenye virusi hivyo hauonyeshi dalili, kwa hiyo glavu, na kupe usimbonde kwa vidole. Nakuomba kabisa.

5. Usichanganye kupe wa habitati tofauti kwenye puli moja, yaani kundi la kupe wanaopimwa virusi pamoja.

Jumatatu tunaanza malishoni, saa mbili na nusu, umande ukishakauka, halafu msitu. Jumanne kinyume. Ratiba nimeshabandika mlangoni, na fomu mpya ina safu ya saa upande wa kushoto kabisa.