Kabla hamjamlaumu muuza mihogo

Wahariri, swali lenu la wiki hii gazetini linasema: "Mtoto akinenepa kupita kiasi, wa kulaumiwa ni nani: mzazi, shule au muuza vitafunwa wa getini?" Mimi ndiye huyo wa tatu. Nauza mihogo ya kukaanga, bagia na ashkrimu za ubuyu kando ya barabara moja hapa Dodoma. Upande mmoja kuna shule ya msingi ya serikali, upande wa pili kuna shule binafsi yenye mabasi ya njano. Swali lenu limenichoma, ndiyo maana naandika kirefu. Lakini nitajibu kwanza lile ambalo hamkuuliza: mnamsema mtoto yupi? Mbele ya karai langu wanasimama watoto wa namna mbili, na ninyi mmewaandika kama mmoja.

Chini ya swali mmeweka takwimu za Marekani za mwaka 2017 hadi 2020. Watoto wenye kiribatumbo, yaani unene uliokithiri, ni asilimia 26.2 kwa Walatino, 24.8 kwa Weusi, 16.6 kwa Weupe na 9.0 kwa wenye asili ya Asia. Mkaongeza kwamba kwa familia za kipato cha chini kabisa ni asilimia 25.8, na kwa zile za kipato cha juu ni 11.5. Mtu akisoma harakaharaka atadhani rangi nyeusi ndiyo inayonenepesha. Ingekuwa hivyo, watoto wa Chang'ombe ninakoishi wangekuwa wanene kuliko wote, na sote tunajua hali zao. Mpangaji mwenzangu anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, nilimwomba anieleze. Akaniambia kwamba kule Marekani tangu miaka ya 1930 zilichorwa ramani zilizoitia alama mitaa ya Weusi kuwa ya hatari kwa mikopo, familia zikanyimwa mikopo ya nyumba, na umaskini ukabaki hapohapo vizazi na vizazi. Katika mitaa mingi ya namna hiyo, hata leo kuku wa kukaanga na soda vipo karibu kuliko mboga mbichi. Rangi iliamua mtu akae wapi, na huko alikokaa kukaamua anakula nini. Hili la rangi naliacha hapo, maana kwetu kinachogawa watoto ni kingine.

Kwetu utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wana udumavu, na wenye uzito uliozidi ni asilimia 4 tu. Kwa hesabu hiyo nilikaa kuandika nikiwa na msimamo mmoja: unene wa watoto ni shida ya nyumba zenye uwezo, wapambane nayo wenyewe, na muuza mihogo aachwe atafute riziki. Sisi tunahangaika na wasioshiba.

Sasa nieleze jambo moja lililotokea hapo kwangu mwaka jana, wakati wa kiangazi, upepo wetu wa Dodoma ukiwa umelichanganya vumbi na kila kitu. Ilikuwa kama saa sita mchana. Watoto wa shule ya serikali walikuwa mapumziko na wamenizunguka. Gari likasimama, akashuka mwanamke wa makamo ya binti yangu mkubwa, kavaa kiofisi, kitambulisho bado kinaning'inia shingoni. Hakunisalimu.

"Mama, wewe ndiye unayemuuzia mwanangu mihogo?"

"Namuuzia kila mwenye hela, mwanangu. Kuna nini?"

"Usimuuzie tena! Natoka naye hospitali sasa hivi. Mtoto wa miaka tisa, wananiambia uzito umezidi na presha iko juu. Daktari anamuuliza anakula nini, anasema mihogo ya bibi wa getini!"

Mtoto mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa gari anaangalia viatu vyake. Namfahamu. Ni mtoto mwenye adabu, hununua kipande kimoja cha mia mbili kupitia upenyo wa uzio wakati basi linasubiri wenzake, na hajawahi kuondoka bila kusema asante. Wenzake wanamwita Bonge. Nimewasikia, na nimeona wanavyocheza mpira yeye akiwekwa kulinda mabegi. Siku ile ilipotajwa mihogo yangu mbele ya watoto wote wale, alitaka kulia.

Nilikasirika, sifichi. Lakini nilimwona yule mama mikono inamtetemeka, nikamvutia benchi chini ya mwavuli. Nikamwambia, "Kaa kwanza, jua kali. Tuhesabu wote. Mhogo wangu ni kipande kimoja. Kingine anakula nini?"

Akaanza kwa hasira, kama anayenithibitishia kwamba nyumbani analishwa vizuri. Saa kumi na moja na nusu alfajiri anaamshwa, kikombe cha maziwa yenye chokoleti na mkate wenye siagi, maana basi linapita saa kumi na mbili kasoro. Kwenye hotipoti anawekewa chipsi na soseji, pembeni juisi ya paketi. Shuleni mchana wali, umo kwenye ada. Halafu kuna hela ya duka la shule, elfu moja, wakati mwingine elfu mbili, na pale dukani kuna soda, biskuti na keki. Nikamuuliza jioni. Hapo sauti ikashuka. Mtoto anafika nyumbani Ilazo saa kumi na moja, dada wa kazi anafunga geti, wanakaa kwenye televisheni na biskuti. Yeye anatoka kazini Mtumba saa kumi na mbili, akiwa na bahati. Baba yuko mkoani. "Nikifika ni giza, mama, nimemwona asubuhi akiwa na usingizi tu. Namletea chipsi kuku ili afurahi. Tunakula saa tatu, saa nne."

Alipomaliza akanyamaza mwenyewe. Mimi sikusema neno, sikuwa na haja.

Wakati huohuo alikuja binti mmoja wa shule ya serikali na shilingi mia. Huyu naye miaka tisa, nyumbani kwao si mbali na kwangu, mama yake anaponda kokoto. Alichukua kipande chake akaomba, "Bibi, niongezee kachumbari." Wanaomba kachumbari sana hawa kwa sababu ndiyo isiyolipiwa. Nikamjazia. Akala amesimama, akalamba chumvi kwenye karatasi, akaomba maji ya kunywa. Hicho ndicho kilikuwa kifungua kinywa chake na ndicho chakula chake cha mchana, na baada ya masomo atarudi nyumbani kwa miguu kama alivyokuja. Yule mama alikuwa anamwangalia. Akaniuliza yuko darasa la ngapi. Nikamwambia la nne. Akamgeukia mwanawe, naye la nne, na binti yule alimfika begani.

Nataka wahariri mlitazame hilo kwa makini. Mhogo ni uleule, karai lilelile, mafuta yaleyale. Kwa mmoja ni cha nyongeza juu ya vyote nilivyovitaja, kwa mwingine ni chakula cha kutwa. Mnaponiuliza kama mhogo wangu unanenepesha, mimi nawauliza unaliwa juu ya nini?

Nilimwambia yule mama, kama mkubwa kwake, amwache mtoto atembee, acheze, hela ya duka ampunguzie. Akanijibu, "Atembee wapi, mama? Kile kiwanja nyuma ya nyumba yetu kimeshajengwa. Barabarani bodaboda. Nani akae naye?" Sikuwa na jibu. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate angalau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Yule binti wa kokoto anazipata njiani kwa lazima, tumbo likiwa tupu. Huyu wa gari anafungiwa geti kwa usalama wake. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016 mji umejaa nyumba nzuri zenye kuta ndefu, na nani kakumbuka mahali pa watoto kukimbia? Alipoinuka kuondoka ndipo akasema, "Samahani mama, hata shikamoo sijakupa." Nikaitikia marahaba. Mtoto akanipungia mkono kwenye kioo. Tangu siku hiyo hanunui kwangu, nami sijamwita. Duka la ndani ya shule yao linaendelea kuuza soda, na chupa moja ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 35 au zaidi.

Nimeeleza mengi kuhusu siku moja, lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ule msimamo wangu wa mwanzo unavyonitoka. Nilisema unene ni shida ya wenye uwezo. Leo ni kweli kwa sehemu kubwa. Watafiti Mosha na Fungo waliwapima unene watoto wa miaka 6 hadi 12 wa hapa Dodoma na Kinondoni, wakachapisha mwaka 2010, kwa hiyo jambo lenyewe si la jana. Ila tazameni kinamama: wenye uzito uliozidi au kiribatumbo walikuwa asilimia 28 katika utafiti wa 2015-16, wakawa 36 mwaka 2022. Si wote hao ni wa mitaa ya wenye uwezo kama Ilazo na Uzunguni. Wengine tunakaa nao Chang'ombe na Nkuhungu, tunapanga nao foleni ya maji.

Na mimi najua namna inavyoingia, kwa sababu napita sokoni Majengo kila asubuhi. Ukiwa na mia tano ya kumlisha mtoto, mafuta, unga wa ngano na sukari ndivyo vinavyokupa shibe ya haraka. Maandazi mawili na chai vinashibisha. Mia tano hiyohiyo ukinunua machungwa, mtoto atakuwa na njaa kabla hujafika nyumbani. Alizeti tunalima sisi hapa na Singida, lakini mimi nakaangia mafuta ya kupima kwa kuwa alizeti imenishinda bei. Zamani soda ilikuwa ya Krismasi na Idi. Sasa nyumba ikipata kibarua cha wiki mbili tu, soda ndiyo ya kwanza kuingia. Ugali wa uwele na mlenda, chakula kilichotukuza, mtoto anaambiwa na wenzake ni cha kijijini. Yule mwanafunzi wa UDOM ananiambia mtoto aliyedumaa utotoni akija kulishwa vya mafuta na sukari yuko kwenye hatari zaidi ya kunenepa tumboni. Basi yule binti wa kachumbari anaweza kupata shida zote mbili kwa zamu: ufupi kwanza, halafu kiribatumbo, na bima hana. UNICEF walitangaza mwaka 2025 kwamba duniani, kwa watoto wa miaka 5 hadi 19, wenye kiribatumbo sasa ni wengi kuliko wenye uzito pungufu, asilimia 9.4 kwa 9.2, isipokuwa Afrika iliyo kusini mwa Sahara na Asia Kusini. Bado hatujafika huko. Lakini Marekani na Uingereza zinatuonyesha mwisho wa safari hiyo: tajiri anajitoa, maskini ndiye anayebaki na unene.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lenu, ambalo sikukaa nikikusudia kulitoa: shule. Zote mbili. Shule binafsi ifunge duka lake la soda na ifungue uwanja, mabasi yachelewe kuondoka kwa saa moja ili watoto wacheze. Shule ya serikali ipike uji asubuhi na makande mchana kwa kila mtoto, siyo kama ilivyo hapa kwetu, ambapo aliyechangiwa mahindi na mzazi anakula na asiyechangiwa anatoka kuja kwangu na mia yake. Brazili wana sheria tangu 2009 iliyotaka angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wadogo. Uwele wa Bahi na karanga za Chamwino zina kasoro gani? Na wakishapika, wanitoe getini, mimi na karai langu. Naandika hili nikijua naandika juu ya mkate wangu.

Lakini nisieleweke vibaya. Wasije mgambo kwanza na chakula kikaja baadaye, maana siku nitakayoondoka kabla ya sufuria kuinjikwa, wapo watoto watakaokaa na njaa mpaka jioni. Wasinitoe mimi wakaliacha duka la ndani. Na wakitafuta wapishi wa hayo makande, watuulize sisi tulioko getini. Tunajua kupikia watoto wengi kwa kuni kidogo, na tunajua nani hajala tangu jana.

Muuza mihogo, Chang'ombe, Dodoma