Tafuteni udhuru wake kwanza

Mmeuliza: mwanamke anapoandika maisha yake mwenyewe, je, kule kuandika tu kunatosha kuitwa ukinzani dhidi ya mfumo dume, au mpaka aseme waziwazi kwamba anaukataa?

Kwangu mimi maneno ya wazi ndiyo ya mwisho kuyatafuta. Nikishika tawasifu ya mwanamke huanza na zile kurasa ambazo wengi huziruka, za dibaji, anapoeleza kilichomfanya athubutu kuandika. Mwanamume akiandika maisha yake huingia tu, akaketi, akaanza kusimulia alikozaliwa. Mwanamke, hasa wa karne zilizopita, ilimbidi apige hodi: nawaandikia wanangu, nimeombwa, namshukuru Mungu. Wenyewe wakisikia udhuru huo huona hana neno, wakamwachia apite. Akishapita husema mengi ambayo asingeruhusiwa kuyatamka mlangoni.

Mchukueni Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliyezaliwa Unguja 1844, akatoroka 1866, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilitoka kwa Kijerumani 1886. Katika dibaji anasema alianza kuziandika kwa ajili ya watoto wake, waliokuwa wadogo mno kuijua asili ya mama yao, naye akihofu hataishi mpaka wakue. Nani atamgombeza mama kwa hilo? Lakini ingieni ndani. Anaeleza kwamba mabinti wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani basi, kuandika halikuwa jambo lao. Yeye akachukua msahafu, akachukua mfupa wa bega la ngamia ambao siku hizo ulitumika kama ubao, akawa anaiga herufi moja baada ya nyingine kwa wino, kwa siri, mpaka mkono ukazoea. Mambo yalipojulikana alilaumiwa sana. Na mkono huo ukaja kutafutwa: 1859, kaka yake Barghash alipopanga kumpindua ndugu yao Majid, aliyekuwa sultani, mwandishi wa barua za njama alikuwa Salme, msichana wa miaka 15 hivi. Hakuteuliwa kwa cheo wala kwa umri, wapo dada waliomzidi kwa vyote viwili. Alitakiwa kwa sababu aliweza kuandika. Wala mwenyewe halisimulii kwa kujigamba. Njama ilishindwa, udugu ukaharibika, naye anajuta. Msomaji anayetafuta tamko la kupinga utawala wa wanaume hatalipata hapo, na akilikosa atapita bila kuona kwamba msichana aliyekatazwa kalamu ndiye aliyeshika barua za dola.

Simpambi. Katika kitabu hichohicho anautetea utumwa, kwa upole unaoudhi. Pia anawaambia Wazungu kwamba mwanamke wa Mashariki si wa kusikitikiwa kama wanavyodhani. Kuna wanaotamani sura hizo zingeng'olewa, abaki shujaa safi. Mimi ningeziacha zote mbili. Ile ya pili naielewa: alikuwa amenyimwa urithi wake na ndugu zake, na huko Ulaya wanamtaka awe kichekesho cha hadithi za harimu, hivyo anakataa kusimuliwa na pande zote mbili. Ya kwanza sina la kumtetea. Mwanamke aliyekataa kumilikiwa na kaka yake hakuona tatizo kuwamiliki wanawake wengine, na tukitaka kujua alijiona nani, jibu limo humo pia. Alijiona binti wa mfalme kabla hajajiona mwanamke.

Sasa rudini mwaka uleule karibu, pwani ileile, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa mtawala wa Siyu, mji wa kisiwa cha Pate, anaugua. Mwaka 1858 anamtungia binti yake utendi wa usia. Huu ndio mtihani mgumu wa swali lenu, kwa kuwa sehemu kubwa ya usia ni kumtii mume, kumkanda, kumwekea chakula, kutotoka bila ruhusa. Wasichana wakiusoma leo hukunja uso, na wana haki. Kuna wahakiki wanaosema anakejeli. Mimi kejeli hiyo siioni kila inapotajwa, na kuuita utendi mzima ukinzani ni kuulazimisha useme kisichokuwamo. Ila usomeni ubeti huu wa mwanzoni:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Binti anaitwa aje mbele akae, tena aje na wino na karatasi. Kule Unguja wakati huohuo Salme alikuwa ametoka kuiba maarifa ya kuandika juu ya mfupa. Huku mama anamwagiza mwanawe vifaa vya uandishi kama jambo la kawaida la nyumbani, halafu anasema ana hadithi na amependa kuisema. Amependa. Maisha yake mwenyewe na mumewe ameyaweka humohumo, kama ushahidi wa usia. Hakuna mwanamume anayeombwa idhini katika beti zile za kwanza, hata kama anayetajwa baadaye ni mume kila hatua. Basi kwa Mwana Kupona mada na sauti haziendi pamoja, na nadhani hapo ndipo utamu wake, kwamba mwenye kufundisha utii anafundisha kwa amri.

Karne ya 20 udhuru ulibadilika sura. Wambui Otieno wa Kenya alipotoa kumbukumbu zake 1998, jina la kitabu lilimtambulisha kama binti wa Mau Mau. Bado binti wa fulani, ila sasa anayemdhamini ni taifa. Na kwa udhamini huo akasema yasiyosemeka, pamoja na kubakwa alipokuwa kizuizini enzi za ukoloni. Huyu ndiye mjane ambaye mumewe, wakili S.M. Otieno, alikufa Desemba 1986, ikazuka kesi ya nani amzike, na Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo wa mume haki ya kumzika. Mahakamani alishindwa, lakini kitabuni hakuna wa kumkatiza.

Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, hakuhitaji kuwa binti wa yeyote. Baada ya talaka ya 1979, mumewe alimtaka aache kutumia jina lake. Yeye akaongeza herufi moja, Mathai likawa Maathai, akaendelea nalo hadi Tuzo ya Nobel ya 2004 na juu ya jalada la tawasifu yake ya 2006. Alipomsema vibaya hakimu wa kesi ya talaka hiyo alifungwa, ingawa alitoka baada ya siku chache. Sehemu hiyo anaisimulia kwa utulivu mkubwa. Mimi nilikasirika zaidi yake.

Lakini swali lenu limesema "anapoandika", na hapo nina ugomvi kidogo nanyi. Wengi hawakuandika, walisimulia. Kipo kitabu cha wanawake watatu wa Mombasa, Bi Kaje, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, kilichotoka kwa Kiingereza 1989 kisha kwa Kiswahili 1991. Bi Kaje ametoka ukoo uliomiliki watumwa, Mishi ni mzao wa watumwa, na mji wanaousimulia ni mmoja. Wekeni masimulizi ya Mishi kando ya ile sura ya Salme juu ya utumwa muone nani anasalimika. Udhuru wao ulikuwa kwamba wameulizwa. Maneno ni yao, ila maktabani kitabu mtakikuta chini ya majina ya waliowahoji, na sijui swali lenu linawahesabu upande gani.