Aliyemwandikia Asiyesema

Mmeuliza wiki hii: ni nani wa nyuma ya pazia anayestahili makofi kuliko yule tunayemwona kwenye skrini? Wangu ni Richard Curtis, mwandishi wa vichekesho na filamu wa Uingereza. Wengi watasema hawamjui. Mr. Bean je, mnamjua?

Nilikuwa kwenye basi la Mbeya, tumeshaipita Mikumi, kondakta akaweka kipindi cha kwanza kabisa cha Mr. Bean, kile kilichorushwa Uingereza tarehe 1 Januari 1990. Bean yuko kwenye mtihani wa hesabu. Amesomea trigonometria, anafungua bahasha anakuta kalkulasi. Anahangaika, anachungulia kwa jirani, jasho linamtoka. Muda umekwisha ndipo anagundua kwamba karatasi zilikuwa mbili, na ile aliyoisomea imelala humo humo ndani ya bahasha. Mama niliyekaa naye, kapu lake miguuni, akashika kichwa: "Jamani, si angeangalia vizuri!" Basi zima hoi, na mkalimani hakuhitajika.

Kaka yangu hushikilia kwamba ile ni kazi ya Rowan Atkinson, anayemwigiza Bean, peke yake, maana mtu asiyesema anaandikiwa nini? Hapo ndipo tunapogombana kila mara. Uso ni wa Atkinson, sikatai, na hata kuandika waliandika pamoja, wakiwemo pia Ben Elton na Robin Driscoll. Lakini karatasi iliyobaki kwenye bahasha haikuletwa na uso. Kuna watu walikaa mezani wakaamua ifichwe wapi na itoke lini. Na kanisani, kipindi hicho hicho: Bean hana kitabu cha nyimbo, jirani hataki kumwonyesha chake, basi anamumunya ubeti mzima, ikifika "Haleluya" anaipasua kuliko kwaya nzima. (Wasiowahi kuimba hivyo wanyooshe mkono.)

Curtis na Atkinson walikutana Oxford wakiwa wanafunzi. Mwaka 1983 wakatoa Blackadder, komedi ya televisheni ambayo kinyume na Bean ni maneno mwanzo mwisho, matusi yamepambwa kama kanga. Halafu tazama ilivyomalizika mwaka 1989: askari wa Vita Kuu ya Kwanza wanatoka handakini kuikimbilia risasi, utani umekatika, na uwanja wa vita unageuka shamba la maua mekundu. Komedi hiyo! Mimi nilibaki nimekodoa macho.

Filamu ya Four Weddings and a Funeral ya 1994 Curtis aliitoa kwenye maisha yake. Amewahi kusimulia kwamba alihudhuria harusi 65 katika miaka 11. Nikajiuliza, angekuwa huku, michango ya kamati ingemwachia hata nauli? Comic Relief, shirika la hisani linalochangisha fedha kwa vichekesho, aliloanzisha na mchekeshaji Lenny Henry mwaka 1985, nawaachia wengine walisimulie.

Filamu yake nyingine, Love Actually ya 2003, kwa kweli, naona sukari imezidi. Ila kuna kijana anayesimama mlangoni kwa rafiki yake kumweleza mke wa rafiki huyo kwamba anampenda. Mume yuko ndani, kwa hiyo kijana hatamki neno. Anageuza kadi kubwa moja baada ya nyingine. Nilimwonyesha kaka.

"Unaona?" akasema. "Kimya tena. Hapo mwandishi kafanya nini?"

"Hizo kadi, kaka, umezisoma au hukuzisoma?"