Kabla hujamwelekezea mjomba wako kamera

Vijana wanaokuja kwangu na wazo la filamu fupi kuhusu asili yao huja na karatasi ya maswali, na swali la kwanza karibu kila karatasi ni hili: "Wewe ni nani?" Huwaambia walifute. Swali hilo lina mwenyewe. Ni la karani wa usajili, ambaye ana meza, kiti na muhuri wa kuulizia. Ukiliuliza wewe uliyeshika kamera, mtu wako hukaa wima, akafumbata mikono, akakupa jibu lile alilozoea kumpa karani.

Nayajua haya kwa sababu niliyafanya, tena kwa mjomba wangu mwenyewe.

Mjomba ni mvuvi, kazaliwa Kwale na wazazi waliovuka kutoka Pemba. Wapemba wa pwani ya Kenya wako hapa vizazi kwa vizazi. Wengine wazee wao walikuja enzi za Mwingereza, wengine baada ya Mapinduzi ya 1964, na hadi mwaka 2023 serikali ilikuwa haijawatambua kuwa raia. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, walitutangulia: Oktoba 2016 walishika njia kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao, wakaja wakahesabiwa kabila la 43. Sisi tukabaki tunangoja. Mie kitambulisho nilikipata kwa upande wa baba. Mjomba hakuwa nacho. Nilipoanza kumpiga picha mwaka 2021 alikuwa ameshapita miaka 50, ana wajukuu, ana ngalawa yake, na kwa mujibu wa daftari la serikali hayupo.

Basi nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki, ukuta mweupe nyuma yake, nikamuuliza mambo ya utambulisho, uraia na machungu yake. Akajibu vizuri, kwa sauti ya chini, na macho yakamlengalenga. Nikarudi Mombasa nimefurahi. Siku hizi nikirudi nimefurahi hivyo huwa naanza kujishuku.

Kilichoiokoa filamu ile kilikuja bila kupangwa. Siku moja tulikuwa tunangoja jua lipungue (saa sita mchana pwani usipige uso wa mtu, macho yote huwa mashimo), mjomba akasema anakwenda dukani kutoa pesa. Nikamfuata na simu mkononi. Laini yake ya simu ilikuwa imeandikishwa kwa jina la jirani, kwa hivyo kila akitaka kutoa pesa za M-Pesa ilibidi jirani awepo, au mwanawe aje na kitambulisho cha babake. Wakala akauliza jina. Mjomba akageuka, akatazama barabarani. Kijana wa jirani akatamka jina la babake na nambari. Wakala huyo amemjua mjomba tangu yeye wakala anatambaa, na asubuhi ileile alikuwa amechukua kwake tafi wawili kwa deni. Akainama, akaandika kwenye daftari. Kijana akatia sahihi. Pesa zikapita kwenye kidirisha, kijana akazipokea, akamkabidhi mjomba. Shilingi 1,200. Picha nzima haifiki dakika moja, na hakuna mtu anayelia.

Tangu hapo shauri langu la kwanza kwa kijana yeyote ni kwamba aache mahojiano, afuatane na mtu wake kwenye shughuli moja ya kawaida ambayo kukosa karatasi, au lugha, au jina la ukoo, huifanya iwe na hatua moja zaidi. Hatua hiyo moja ndiyo filamu yako. Kwa mwingine ni namna anavyobadilisha lafudhi akipanda matatu. Kwa mwingine ni mama anayemwita mtoto jina moja nyumbani na jingine mbele ya walimu.

Shauri la pili ni mikono. Mjomba ana mfuko wa nailoni wa bluu, wa aina ile iliyopigwa marufuku Kenya Agosti 2017, kwa hivyo ukichanika ndiyo basi. Ndani mna kadi ya kliniki ya mamake, pembeni imeliwa na mende. Risiti ya kodi aliyolipa babake mwaka 1962. Na barua tatu za chifu, kila moja imekunjwa mikunjo ileile mpaka wino umekatika kwenye mistari ya mkunjo. Nilimwomba anionyeshe, nikanyamaza. Alizima feni kwanza. Kisha akazikunjua moja moja juu ya mkeka, akizibana kwa kete za bao zisipeperuke. Kwa dakika sita hakusema kitu. Tunapoita kitambulisho "kipande", na Kenya bado twakiita hivyo, tunatamka neno la sheria ya mkoloni ya 1915, iliyoanza kutumika miaka ya 1919 na 1920, ambapo kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa abebe karatasi zake, akazitia kwenye kijaluba cha bati na kukivaa shingoni. Nilitaka kuliweka hilo kwenye filamu kwa sauti ya msimulizi. Nikaliacha. Ule mfuko ulikuwa umeshasema, na sauti yangu ingekuwa kelele tu.

Kuhusu sauti niseme mara moja nipite: nunua maikrofoni ya kubana shatini kabla hujafikiria kamera. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza, havumilii kutosikia. Na ukiwa ufuoni wakati wa kusi, upepo huo utakula kila neno hata uvishe maikrofoni manyoya ya paka. Ngoja maleleji, pepo zinapotulia, au ingieni ndani.

Sasa nije kwenye kosa, ambalo ndilo lililonifanya niandike haya.

Filamu ilitoka dakika 11. Mwisho wa 2022 nikaalikwa kuionyesha Nairobi, kwenye ukumbi wenye viti vya kukunja na juisi. Watu wakapiga makofi, mmoja akaniambia amelia. Mmoja mwingine, sikumwona, alirekodi kipande cha pale dukani kwa simu yake, na kabla sijafika Mtito Andei njiani narudi Mombasa, kile kipande kilikuwa kimeshaingia kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Mjomba alikuwa hajaiona filamu. Jirani pia. Lakini jina la jirani na nambari ya kitambulisho chake vilisikika wazi kwa sauti ya mwanawe, na yule mzee aliyekuwa akimfadhili mwenzake kwa miaka akawa ameonekana kijiji kizima kama mtu anayekodisha kitambulisho. Mkewe alinipigia simu usiku. Hakunitukana. Aliniita "mwanangu" mara nne, na kila mara nilitamani angenitukana.

Niliifuta sauti ya jina, nikaificha sura ya kijana, nikaenda na mume wangu kuomba radhi, tukakaa barazani mpaka kahawa ikapoa. Kwa hivyo usiniambie eti ulipata ruhusa siku ya kwanza. Ruhusa ya siku ya kwanza ni ya mtu asiyejua utakata nini na utaacha nini. Iombe tena baada ya uhariri, filamu ikiwa imekamilika, na iombe kwa kila anayeonekana au kutajwa. Mtoto akiwemo, mzazi wake atie sahihi. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na kwa mtoto inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Lakini hata pasingekuwa na sheria, watu wa kwanza kuiona filamu wawe wale waliomo.

Nilidhani mjomba naye atanikasirikia kwa lile la dukani. Wapi. Nilipomwekea filamu kwenye kompyuta, aliitazama mpaka mwisho, akaniuliza, "Mbona hukunitia ninapocheka?"

Nikamwambia filamu ilikuwa ya jambo zito.

"Jambo ni zito," akasema, "lakini mie si mzito."

Nikarudi kwenye mafaili yangu. Nilikuwa na saa 19 za picha. Kwenye saa hizo mjomba anachimba kaburi la jirani, anagombea samaki, anaimba akisukuma ngalawa, anapanda kete za bao huku anamtania mpinzani mpaka yule anapoteza hesabu. Yote hayo nilikuwa nimeyakata. Nilikuwa nimemwacha yule mtu wa kiti cha plastiki, mtu ambaye kazi yake yote duniani ni kukosa kitambulisho. Kijiji hakijawahi kumuuliza mjomba yeye ni nani. Ana nafasi yake kwenye benchi la mkahawani, na akichelewa huachiwa. Asiyemjua ni ofisi peke yake, na mie nilikuwa nimepiga picha nikiwa nimesimama upande wa ofisi.

Wengine wametafuta dawa ya jambo hili kwa njia nzuri zaidi kuliko yangu. Kwenye filamu ya Thank You for the Rain ya mwaka 2017, Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, alipewa kamera akajirekodi mwenyewe na familia yake, na waliipiga kwa miaka mitano. Ukiweza, fanya hivyo. Mwachie mtu wako simu wiki moja. Nusu ya atakachokuletea ni vidole na dari, lakini nusu nyingine huwezi kuipiga wewe hata ukae mwaka.

Nilihariri upya, na hapo likazuka jambo la lugha. Vijana wawili wa Nairobi walionisaidia walitaka maneno ya Kiswahili yaandikwe chini ya Kiswahili cha mjomba, eti Kipemba hakishikiki. Nikakataa, kisha nikakubali nusu: niliandika palipokuwa na upepo tu. Filamu ya Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilizinduliwa Toronto mwaka 2021 na Kiswahili chake cha Unguja, na dunia haikuanguka. Usimsawazishie mjomba wako ulimi ili amfae mtu wa mbali. Utakuwa umefuta ushahidi kwa mkono wako, kwani kile Kipemba chake ndicho alichokuja nacho babake.

Kijijini tuliionyesha mwanzoni mwa 2023, kwa jenereta ya kukodi na shuka mbili zilizoshonwa pamoja. Watoto waliuliza mbona DJ Afro, yule anayesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, hatafsiri. Hakukuwa na haja, maana mjomba alisimama kando ya shuka akatafsiri mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, akimjibu yule mjomba wa kwenye picha, na pale kwenye bao mpinzani wake alidai kwa sauti kwamba mchezo ule ulihaririwa. Jirani alikuja. Alikaa nyuma, lakini alikuja.

Julai mwaka huo Rais akatangaza, akiwa Kilifi, kwamba Wapemba sasa ni kabila la Kenya. Mjomba alipopata kadi yake, wenzangu walinishauri niongeze mwisho mpya: yeye ameinua kadi, bahari nyuma. Nilimuuliza. Akasema anakwenda kubadilisha laini ya simu, nikitaka nimfuate huko. Nikamfuata, na picha ninayo, ila bado sijajua inaingia wapi.

Yeye aliniomba kitu kingine: nakala yake mwenyewe kwenye flashi, bila duka, bila karatasi. Nikamkatia dakika nne za bao tupu. Hiyo ndiyo anayowaonyesha wageni.