Mama kaacha dawa za presha akidai amepona: majibu kutoka meza ya kupimia

Mleta mada, umesema mama yako ana miaka 61, alikutwa na presha 172/104, akaanzishiwa dawa ya amlodipine, baada ya mwezi ikasoma 128/80, akaacha dawa kwa kuwa "imeisha". Sasa imerudi kulekule, na jirani anamtisha kwamba akianza tena ndiyo basi, kafungwa nazo maisha. Unauliza umwambie nini.

Mimi ni muuguzi, huu mwaka wa 11 nakaa meza ya kupima presha kwenye zahanati moja huku Temeke. Kisa cha mama yako nakutana nacho kila wiki. Miaka ya mwanzo nilikuwa nawagombeza: "Mama, si nilikwambia usiache?" Anaitikia "sawa nesi", anaondoka, mwezi unaofuata humwoni. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba nilikuwa nafukuza wagonjwa.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Mtaani kwetu presha ni mawazo. "Usinipe presha." "Mwenye nyumba kanipa presha." Simba na Yanga wakienda dakika za majeruhi, presha juu. Sasa mtu ukimwambia ana presha, yeye anasikia kwamba ana mawazo, na siku akiwa ametulia, ada zimelipwa na mkwe hajapiga simu, anaamini presha haipo. Dawa ya nini tena? Ugonjwa huu kwa kawaida hauna dalili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya kupanda hawajui kama wanayo.

Kuna mzee mmoja fundi pancha, kijiwe chake kiko pembeni ya barabara ya Kilwa. Alikuja na mfuko wa dawa wa mwezi, vidonge 30, nikavimwaga mezani tukahesabu wote: vimebaki 19.

"Shikamoo baba. Mbona hivi vimebaki?"

"Marahaba mwanangu. Mimi kisogo kikivuta, nameza. Kisipovuta nisijijazie madawa ya bure."

Nikamuuliza, tairi la lori ukitaka kujua upepo umezidi unalipiga teke? Akacheka. "Teke ni la madereva. Fundi ana geji."

Nikamsogezea mashine. "Geji ndiyo hii, baba. Kisogo chako ni teke."

Toka siku hiyo sikuhitaji kumshawishi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniuliza namba ya juu na ya chini maana yake nini. Ya juu ni msukumo wa damu moyo unapojibana, ya chini ni moyo unapolegea kabla ya pigo jingine. Vipimo vikirudiwa siku tofauti na bado viko 140/90 au zaidi, hiyo ni presha ya kupanda. Tairi lililozidi upepo linatembea vizuri tu, mpaka siku ya siku. Kwa binadamu linapopasukia ni kichwani, ndiyo kiharusi, au figo na macho vinaliwa polepole bila kelele.

Kuhusu jirani: kinachomfunga mama ni ugonjwa. Dawa inaushikilia tu. Ukivaa miwani ukasoma gazeti vizuri, huvui ukasema macho yamepona. Ile 128/80 ilikuwa kazi ya kidonge. Wapo wanaopunguza uzito na chumvi mpaka daktari akawapunguzia dawa, lakini anapunguza daktari, siyo jirani.

Chumvi nayo. Ushauri ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, na hapo umeshahesabu kila kitu. Mama mmoja wa Mtoni aliniapia haongezi chumvi mezani, na kweli. Tukaanza kutaja alichokula jana: ng'onda, mchuzi wenye viungo vya paketi, jioni embe bichi la chumvi na pilipili. Tulicheka wote wawili. Ng'onda hakuacha, anamloweka usiku kucha na kumwaga maji mara mbili.

Chunguza pia dawa za maumivu. Wengi wenye magoti mabovu wananunua diclofenac au ibuprofen duka la dawa na kumeza kila siku, na zote mbili zinaweza kupandisha presha. Daktari anaongeza dozi, kumbe mchawi yuko kwenye pochi.

Upimaji, hapa nakiri kosa letu. Tuliwahi kumpima baba aliyetoka kushuka daladala, kasimama toka Gongo la Mboto, jasho linamtoka, mkono wa shati haujapandishwa. Ikasoma 168, akaongezewa dawa. Wiki mbili baadaye karudi ana kizunguzungu. Kwa hiyo nyumbani mpime mama akiwa amekaa dakika 5, ameenda haja, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono mtupu juu ya meza usawa wa moyo, na asiongee. Kahawa iwe imepita nusu saa. Pima mara mbili, andika zote kwenye daftari. Nunua mashine ya kufunga juu ya kiwiko. Kwa vipimo vya nyumbani, mstari wa kuhesabu kwamba presha imepanda ni 135/85.

Ikisoma 180/120 au zaidi na kifua kinabana, pumzi inakatika, mdomo umepinda au mkono umelegea, ni hospitali muda huohuo. Msimwekee kidonge cha presha cha nifedipine chini ya ulimi kama watu walivyozoea zamani, presha ikiporomoka ghafla nayo inaleta kiharusi.

Mwisho, kabla hujampa somo lolote, muulize taratibu kama dawa ilikuwa inamsumbua. Amlodipine huvimbisha miguu. Enalapril na captopril huleta kikohozi kikavu. Kwa zile dawa za presha za kukojoza, nilikuwa na dada muuza nguo, kila alfajiri anatoka Chanika kwenda Kariakoo, alikuwa anazitupa kwa sababu foleni ya Gongo la Mboto haina choo. Daktari akamhamishia saa kumi jioni, mambo yakaisha. Wanaume wananong'ona mlangoni wakishaaga, kuhusu mambo ya chumbani, na hao pia hubadilishiwa. Wazazi wetu wana adabu, wataona bora waseme "nimepona" kuliko kumwambia daktari dawa yake imewashinda. Muulize mama leo kama vifundo vya miguu vilivimba na viatu vilikuwa vinambana mwezi ule alipokuwa anameza.