Uliza Ujibiwe: Anime za Mapigano na Ngumi Zenye Gharama

Habari zenu wapenzi wa safu hii. Toleo lililopita niliandika kwamba kwangu mimi pambano kali kuliko yote kwenye Naruto Shippuden (ile sehemu ya pili ya Naruto) ni lile la Naruto na adui yake Pain, basi simu haijatulia tangu siku hiyo, meseji zimeingia kibao, wengine mmekubali na wengine mmenijia juu kweli kweli. Nimechagua chache za kujibu leo. Walioulizia tamthilia za Kikorea wavumilie kidogo, leo ni anime, yaani katuni za Kijapani, za kupigana tu.

Mambo vipi kaka. Ndo naangalia Dragon Ball Z kwa mara ya kwanza na nimefika sayari ya Namek. Yule adui Frieza kasema sayari inalipuka ndani ya dakika tano, mimi nimemaliza episodi tano nzima na bado haijalipuka! Bando langu linaisha hivi hivi. Kuna sababu au wanatuchezea tu? (Msomaji, Tabora)

Poa ndugu yangu. Sababu ipo, na ukiijua hasira itapungua. Akira Toriyama alikuwa anachora manga (katuni ya kwenye karatasi) ya Dragon Ball kila wiki kuanzia 1984 mpaka 1995, na studio ya Toei nao walikuwa wanarusha katuni kwenye tivii kila wiki, wako nyuma yake kidogo tu. Sasa sura moja ya manga ni kurasa chache sana, katuni ya dakika ishirini na kitu inazila haraka, yaani ukikimbia unamfikia mwandishi na wiki ijayo huna cha kuonyesha watu. Kwa hiyo walikuwa wanavuta. Mtu anakunja ngumi, mawe yanapaa juu, upepo unavuma, kamera inaenda kwa Bulma, inarudi, mtu bado kakunja ngumi. Zile dakika tano zimekula karibu episodi kumi, na Z nzima ikafika 291.

Kama bando ni dogo tafuta Dragon Ball Kai ya 2009, ni stori ileile ila wamekata sehemu kubwa ya kuvuta. Lakini nakuomba kitu kimoja, usiruke ruke hapo ulipo. Goku alipokuwa njiani kwenda Namek alijifungia kwenye chombo akafanya mazoezi kwenye uzito mara mia wa kawaida, akaumia mpaka karibu kufa, na bado alipofika kwa Frieza haikutosha. Ndo maana rafiki yake Krillin anaponyanyuliwa hewani na kulipuliwa, ile nywele ya Goku inayogeuka dhahabu inakuingia mpaka mifupani, kwa sababu umeshakaa naye kwenye kushindwa kwa muda mrefu. Ukiruka utaona nywele tu. Toriyama alipofariki tarehe 1 Machi 2024 mimi nilirudi kuangalia hapohapo, na nilirudi na uvutaji wake wote.

Hapa mtaani tunabishana kila siku. Wenzangu wanasema Naruto imepitwa, sasa hivi ni Demon Slayer maana picha zake hazina mpinzani. Mimi nimekulia Naruto na sikubali, ila nikitaka kuwajibu nakosa maneno. Nisaidie hoja. (Mtetezi wa Konoha, Mwanza)

Nakupa hoja mtetezi, lakini kwanza wape haki yao. Picha za Demon Slayer ni kweli hazina mpinzani kwenye tivii, studio ya ufotable wanafanya kazi ya ajabu, maji yale ya mhusika mkuu Tanjiro yanavyozunguka na upanga, we acha tu. Episodi ya 19 ya mwaka 2019, Tanjiro na yule pepo Rui pale mlimani, nimeiangalia mara nyingi sijui hata idadi.

Ila waulize wenzako, kwa nini ni hiyo 19 wanayoikumbuka na sio nyingine? Picha ni nzuri kwenye episodi zote. Hiyo inakaa kwa sababu Tanjiro upanga wake umeshakatika, hana kitu, na akiwa kwenye hali ya kufa anamkumbuka baba yake, mtu mgonjwa, mwembamba, ambaye alikuwa anacheza ile ngoma ya moto kwenye theluji usiku kucha mpaka alfajiri bila kuchoka kwa sababu alijua namna ya kuvuta pumzi. Ule moto unaouona ni urithi wa baba. Picha zimekuja kulibeba hilo. Ukitoa baba, unabaki na rangi nzuri.

Sasa njoo kwa Naruto. Episodi ya 48, Rock Lee na Gaara, mwanzoni kabisa huko, Naruto ya 2002 ambayo michoro yake mtoto wa leo anaiona ya kizamani. Lee hawezi ninjutsu (mbinu za kininja), hawezi genjutsu (viinimacho), kila mtu pale ana kipaji cha kuzaliwa nacho isipokuwa yeye, ana mikono na miguu tu. Na Gaara ana mchanga unaomlinda wenyewe bila hata yeye kuutuma. Lee anapiga, mchanga unakinga, anapiga, mchanga unakinga. Mwalimu wake Gai anamwambia, haya vua. Lee anakaa juu ya lile sanamu la mikono, anashusha soksi zake, anafungua vyuma alivyofunga miguuni, na anatabasamu kama mtoto aliyeruhusiwa kwenda kucheza. Watu wanaona ni ujinga, vyuma vidogo vile vitabadilisha nini. Anaviachia. Vinaenda chini taratibu tu, halafu vinagonga sakafu na vumbi linapaa kama jengo limeanguka.

Hapo hakuna hata ngumi moja iliyopigwa jamani! Lakini kwenye kile kishindo umeelewa miaka yote ya yule kijana, kila asubuhi aliyoamka akatembea na mzigo ule na hakumwambia mtu. Na angalia kinachofuata, anafungua milango ya mwili, ile inayozuia nguvu isitoke yote, mpaka wa tano, misuli inachanika, na bado anashindwa, Gaara anamponda mkono na mguu. Wala hawakusahau wiki iliyofuata, aliambiwa hawezi tena kuwa ninja, na operesheni ya Tsunade, yule ninja mganga, ilikuwa nusu kwa nusu, anapona au anakufa. Hiyo ndo hoja yako. Nguvu ikiwa na gharama, ngumi inauma mpaka kwa anayeangalia. Demon Slayer wakifanya hivyo nao wanafika palepale, kwa hiyo msigombane sana, mnapenda kitu kimoja.

Kaka mhariri, nakuheshimu ila kwenye Pain umeteleza. Ile episodi ya 167 ya Shippuden wamechora hovyo, sura ya Pain imevutika kama bablishi, Naruto anaonekana kama mpira. Nina picha nimezistopisha ntakutumia. Unawezaje kusema ndo kali kuliko zote? (Asiyekubaliana, Kahama)

Picha nimezipata, asante, na ni kweli sura zimevutika. Mimi ntakwambia ninavyoona kisha uiangalie mara moja tena bila kustopisha.

Katuni ya Kijapani kwa kawaida haichorwi picha mpya kwa kila fremu. Sekunde moja ina fremu 24, lakini mchoro mmoja unakaa fremu mbili au tatu, yaani kwa sekunde unapata michoro 12 au 8. Ndo njia waliyoizoea tangu zamani, ni nafuu na inawahi muda. Sasa mchoraji akitaka mwili uende kasi na uwe na uzito ana njia zake, na mojawapo ni kuuvuta mchoro uelekee kule mwili unakoenda, jicho lako haliuoni mchoro, linauona mwendo. Ukiustopisha hapo katikati umeshika kitu ambacho hakikuchorwa kitazamwe kikiwa kimesimama. Ni kama kumpiga picha mkimbiaji anavuka utepe halafu useme jamaa ana sura mbaya.

Aliyeongoza hiyo 167 ni Atsushi Wakabayashi, na ndiye yuleyule aliyeongoza episodi ya 133 ya Naruto ya kwanza, Naruto na Sasuke pale bondeni, ambayo nina uhakika unaipenda maana sijakutana na asiyeipenda. Pale pia sura zinavutika na mistari inakuwa kama imechorwa kwa haraka. Naruto wa kwenye 167 ni mtu aliyemwona Hinata, binti anayempenda, anachomwa mbele ya macho yake, akili imemtoka, ngozi imeungua, mifupa ya yule mnyama aliyefungiwa ndani yake inajitokeza nje. Kuna haja gani achorwe vizuri? Mimi nakubali kuna sehemu mbili tatu wamezidisha, hasa ile ya Pain anagongeshwa gongeshwa chini. Ila siibadilishi kauli yangu, niko palepale.

Kaka, tuangalie ya sauti ya Kijapani na kusoma maandishi chini au ile ya Kiingereza? (Msomaji, Mombasa)

Kijapani. Ukitaka kujua kwa nini, msikilize Goku anapiga kelele ya kwanza ya Super Saiyan (pale nywele inapogeuka dhahabu) kwa sauti ya Masako Nozawa, mama aliyezaliwa 1936 na amekuwa Goku tangu katuni inaanza 1986, na watoto wa Goku, Gohan na Goten, ni yeye pia. Ila kama unaangalia huku unapika basi weka Kiingereza, maana maandishi hayasomeki ukiwa unageuza chapati.

Mwanangu nina kijana wa miaka kumi na moja, anapenda sana hizi katuni zenu. Sasa ananisumbua nimruhusu aangalie Attack on Titan kwa sababu wenzake wameangalia. Mimi katuni sizijui, naona tu ni katuni. Nimruhusu? (Mama wa watatu, Dodoma)

Shikamoo mama. Nashukuru umeuliza kabla, wazazi wengi wakiona imechorwa wanajua ni ya watoto. Jibu langu ni hapana, bado. Kwenye episodi ya kwanza kabisa kuna mtoto, rika la huyo wako, anamwona mama yake kabanwa na nyumba iliyoanguka, anashindwa kumtoa, na jitu linakuja linamla mama huku mtoto akiangalia. Na huo ni mwanzo tu, mbele ni vita, chuki za makabila, mauaji ya halaiki. Ni kazi nzito na nzuri sana, mimi ni mpenzi wake tangu 2013, lakini mtu aje nayo akiwa kijana wa kumi na saba huko, anayeweza kuuliza nani ana haki na akakaa na swali bila jibu.

Usimkatalie tu mama ukaishia hapo maana ataenda kuangalia kwa jirani. Mpe Naruto ya mwanzo. Nayo kuna watu wanakufa, sikufichi, pale darajani kwa Zabuza na Haku hata wewe utatoa chozi, kwa hiyo kaeni wote siku hiyo. Ni stori ya mtoto yatima ambaye kijiji kizima kinamkwepa na mwalimu mmoja anamnunulia bakuli la tambi. Muulize mwanao Iruka ni nani, utaona anavyokuelezea.

Kaka mimi ni binti wa kidato cha nne. Kaka zangu wananicheka wanasema anime za kupigana sio za wasichana, niangalie za mapenzi. Nimemaliza Naruto yote na Hunter x Hunter yote 148. Nipe inayofuata, na uniambie kitu cha kuwajibu. (Binti wa Morogoro)

Mdogo wangu, waulize kaka zako kama wameangalia Fullmetal Alchemist, watasema ndiyo na watakusifia sana. Waache wamalize. Halafu waambie aliyeiandika na kuichora ni mwanamke, Hiromu Arakawa, aliyekulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido. Kisha waambie na Naruto mwenyewe, sauti yake ya Kijapani ni ya mwanamke, Junko Takeuchi. Hapo sidhani kama watakuwa na la kuongeza.

Na hiyo ndo inayokufuata, tena angalia ile ya Brotherhood, ilianza 2009 ikaisha 2010, episodi 64 na stori inafika mwisho wake kabisa, haikuachi hewani. Kwa kuwa umetoka Hunter x Hunter utajisikia nyumbani. Unamkumbuka Kurapika na ule mnyororo wake, kwamba una nguvu ya kutisha lakini akiutumia kwa mtu asiye wa Phantom Troupe, lile genge lililoua ukoo wake, anakufa yeye? Arakawa kajenga dunia nzima kwa namna hiyo. Ukitaka kitu lazima utoe kitu cha thamani sawa. Ndugu wawili wadogo wanajaribu kumfufua mama yao, na unaona walichotozwa, mdogo anapotea mwili mzima na kaka anabaki na mguu mmoja, kisha anatoa na mkono ili roho ya mdogo wake ipate pa kukaa, ndani ya vazi la chuma.

Episodi za mwanzo zinakimbia kidogo, usikate tamaa. Ya 4 itakuumiza, nakwambia mapema. Halafu ukifika ya 19 (nayo ni 19, kama ile ya Tanjiro) kaa peke yako, zima taa. Kanali Mustang kachomwa tumboni, yuko chini anavuja damu, rafiki yake kando hajitambui, na glavu zake za kuwashia moto hazifai tena. Anachofanya na kiberiti cha gesi cha yule rafiki, na alichojichora mgongoni mwa kiganja, sikusimulii. Ukimaliza niandikie, na kama kaka zako watakuwa wamekaa nyuma yako wanaangalia, waambie nao waandike.