Akikujibu "poa" muulize kalala saa ngapi

Dar hii mtu akikuuliza mambo, jibu linatoka hata hujafikiria, poa. Vipi, safi. Habari, nzuri. Hata msibani utasikia mtu anaanza na nzuri, afu ndo anasema ila tumefiwa na baba. Mwaka 2019 mimi nilijificha kwenye hiyo poa karibu miezi mitano na hakuna aliyeshtuka, maana kila aliyeniuliza nilimjibu vizuri tu na yeye akaridhika akaenda zake.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nimepanga chumba kimoja Tandika, kila siku nazungusha bahasha Posta na Kariakoo hadi soli ya kiatu ikaachia. Nikajiambia ni mawazo tu. Na hapo ndo shida ilipo, sisi kila kitu tunaita mawazo, aliyeachwa ana mawazo, anayedaiwa kodi ana mawazo, na mtu anayeumwa sonona kabisa, yani depression, ugonjwa wenye matibabu yake, na yeye tunasema ana mawazo atakaa sawa. Mimi adhana ya alfajiri ilikuwa inanikuta macho kila siku. Shati langu la interview nililipiga pasi nikalitundika kwenye msumari, likakaa pale hadi mabega yakashika vumbi. Nachota ndoo ya kuoga asubuhi, giza linaingia ndoo bado imejaa mlangoni.

Aliyeniokoa ni mshkaji wangu anaendesha boda, nimwite Seba. Alikuja Jumapili moja, hakusema mambo wala vipi, akaiangalia ile ndoo akakaa kimya kidogo afu akaniuliza jana umelala saa ngapi. Nikasema sijui. Leo umekula nini? Nikanyamaza. Akavuta ndoo nyingine akaigeuza akaikalia, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, ushawahi kuwaza bora ufe tu?" Nililia kama mtoto mdogo yani, na sikuwa nimelia hata siku moja kwa miezi yote ile.

Watu wengi wanaliogopa hilo swali, wanahisi ukimuuliza mtu utakuwa umemfundisha. Sio kweli. Wataalamu wa afya ya akili wanasema wazi kwamba kumuuliza mtu kama anawaza kujiua hakumpi hilo wazo, kunampa nafasi ya kulitoa nje. Mimi ni shahidi. Akisema ndiyo usimuache peke yake, usianze kumhubiria kwamba ni dhambi, kaa naye, ondoa karibu yake sumu ya panya, dawa nyingi nyingi, chochote cha kujidhuru, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Zahanati ya kwanza tuliyoenda niliambiwa kijana mzima wewe tafuta hela hayo yataisha. Iliniuma sana na ningekuwa peke yangu nisingerudi popote. Kwahiyo nakuomba usimwelekeze tu mtu, msindikize, ukae naye kwenye benchi. Na sio kwamba lazima apelekwe hospitali ya akili ya Mirembe Dodoma kama watu wanavyotishana mtaani. Hapa hapa Dar kuna hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Temeke, Mwananyamala, kuna Muhimbili, ukifika ulizia huduma ya afya ya akili. Mimi nesi aliniuliza kuhusu wiki mbili zilizopita, usingizi, hamu ya kula, kama bado kuna kitu kinanifurahisha, kama najiona sina thamani. Hizo wiki mbili zishike. Siku tatu za huzuni baada ya kuachwa ni maisha, ila ikipita wiki mbili karibu kila siku mtu hana raha na chochote, hapo anahitaji kuonwa.

Nikapewa ushauri nasaha na dawa. Hizi dawa za sonona zinachukua wiki kadhaa ndo uone nafuu, lakini usingizi mzito na mdomo kukauka vinaweza kuanza mapema, ndo maana wengi wanazitupa wiki ya kwanza. Nilitaka kuzitupa pia. Zikikusumbua rudi kwa daktari akubadilishie, usiache mwenyewe.

Bi mkubwa yeye aliamini nimechezewa, akataka niende kwenye maombi. Nilienda, na sijutii, kuombewa na mama yako kunatia nguvu. Ila dawa nilikuwa nazo mfukoni na nilizimeza kwa saa zake. Wazazi, ombeni sana, lakini msimwambie mtoto aache dawa kuonyesha imani.

Kingine kilichonisaidia ni kuamka muda ule ule kila siku hata kama usiku nimelala vibaya, simu naichajia mbali na godoro, na kuacha mikeka. Ile ya kubeti usiku wa manane ukiwa huna hata elfu mbili ya kula ilikuwa inanimaliza kuliko kukosa kazi kwenyewe.

Shirika la Afya Duniani linasema kati ya vijana 7 wa miaka 10 hadi 19 mmoja ana tatizo la afya ya akili. Piga hesabu darasa la watoto 70. Na hao wa chini ya miaka 18 wana namba yao ya bure ya msaada kwa mtoto, 116, waambieni waijue kwa kichwa.

Wiki iliyopita binti wa jirani yangu, yupo form three, alinisalimia pale bombani, shikamoo kaka, nikamuuliza vipi shule akasema nzuri. Macho mekundu. Nikamuuliza, mdogo wangu, jana umelala saa ngapi? Akaangalia chini, maji yakajaa kwenye ndoo yakaanza kumwagika na hakufunga bomba. Nimeongea na mama yake, kesho saa mbili tunaenda naye wote watatu.